Nesi wa Mbeya anauliza: muziki wa klasiki wa taratibu naanzia wapi?

Kamwene dada, na ndaga kwa swali refu. Nalifupisha ili na wengine wafuate. Dada ni nesi Mbeya, anakaa Soweto, anaingia naiti, na asubuhi akirudi usingizi hauji kwasababu mtaa umeshaamka na magari ya matangazo yanapita na maspika juu. Aliwahi kusikia piano ya taratibu kwenye video ya mtu anapika, ikamtuliza, akaanza kutafuta muziki wa klasiki wa kulalia, akapata vitu vya masaa manane, vingine vizuri vingine vinachosha, alafu siku moja akaweka simfoni nzima, akasinzia fresh tu, mara okestra ikalipuka mtoto akaamka analia. Anauliza aanzie wapi, atajuaje kipi ni cha taratibu maana vipande vyenyewe vina manamba tu, ataelewa kweli na hajasomea noti, mtoto wake wa miezi nane ataongezeka akili au ni uongo, na la mwisho mwenzake wa wodini kamwambia huo ni muziki wa freemason. Chini kabisa akaongeza kwamba anaimba alto kwaya ya kanisani, kaliweka kama kitu cha pembeni, ila mimi nafundisha kwaya na kinanda hapa Iringa na kwangu hilo ndio la kuanza nalo.

Jibu fupi ni hili: achana na pleilisti za masaa nane, tafuta kipande kimoja, kifupi, cha vyombo vichache, ukirudie mpaka ukijue ndio uende kingine. Na kipande cha kwanza kiwe Air ya Bach, mtunzi wa Kijerumani, kutoka Orchestral Suite namba 3, ukitafuta andika Bach Air BWV 1068. Ni dakika tano hivi. Utaletewa pia inayoitwa Air on the G String, hiyo ni kitu kilekile, mpiga fidla Mjerumani August Wilhelmj alikipanga upya mwaka 1871 ili fidla moja iimbe juu peke yake kwa waya wake wa chini kabisa. Nzuri pia, lakini we chukua ile ya asili ya vyombo vya waya vikiwa kundi, nitakwambia kwanini.

Nyie alto mmezoea kuimba kitu ambacho waumini hawakisikii. Soprano anabeba melodi na sifa zote, bezi watu wanamsikia kifuani, na alto upo pale katikati unaimba noti mbili tatu zilezile mstari mzima, ukinyamaza ndio watu wanagundua kuna kitu kimepungua. Sasa muziki huu umejengwa kwa sauti nne hizohizo. Air inaanza na fidla ya kwanza imeshika noti moja ndefu, kwa solfa ni m (mi), imeshikwa tu haiendi popote, na muda huohuo bezi chini imeshaanza kutembea, d, t, l, s (do, ti, la, so), inashuka hatua kwa hatua, na kila noti inaruka oktavu, juu chini juu chini, mwendo uleule hauharakishi. Katikati fidla ya pili na viola (fidla kubwa kidogo), ambao ndio nyinyi, wanajibizana kimyakimya. Kwahiyo mara ya kwanza sikiliza juu tu. Mara ya pili iache juu ijiendee zake, shika bezi mwanzo mpaka mwisho. Mara ya tatu mtafute alto. Hapo ndio utaona mbona ni wimbo mwingine kabisa, na ni palepale umelala kitandani hujasogea.

Hiyo ndio kuelewa muziki wa klasiki. Hamna siri nyingine kubwa iliyofichwa kwenye noti. Mtu aliyekaa miaka kwenye safu ya alto anasikia vizuri kuliko wengi wanaojua historia ya Bach na hawajawahi kushika sauti yao mwenzao akiimba nyingine. Na usingizi unakuja hapohapo, kwasababu kichwa chako ambacho kilikuwa bado kinahesabu dripu na mafaili ya wagonjwa kimepata kamba moja ya kuifuata, na kamba yenyewe inaenda polepole.

Alafu hujaanza leo. Haleluya ya Handel umeimba, najua umeimba, hakuna kwaya huku nyanda za juu ambayo haijaijaribu Krismasi au Pasaka hata kama tenor walikuwa wawili. Handel alitunga Messiah mzima mwaka 1741, ukaimbwa mara ya kwanza Dublin 1742, na ndani yake mbali na hiyo Haleluya kuna kakipande kanaitwa Pifa, hakana maneno, ni vyombo tu, kanakuja pale kabla wachungaji hawajatokewa na malaika. Ka dakika chache, kanapepea tu. Wanakwaya wengi hawajawahi kukasikia kwasababu kwaya haina cha kuimba hapo.

Sasa tuje kwenye lile la mtoto kuamka. Hukukosea chochote, ni muziki wenyewe ndio ulivyo. Simfoni ya enzi za watunzi Haydn na Mozart kwa kawaida ina sehemu 4, ya kwanza inachangamka, ya pili ndio ya taratibu, ya tatu ni ya kudansi, ya nne inakimbia. Koncheto, yaani chombo kimoja mbele na okestra nyuma, ina sehemu 3 na ya taratibu ni ya katikati. Watunzi hawakuandika ili watu walale, waliandika watu wakae kwenye viti wasikilize, kwahiyo utulivu waliuweka katikati ya kelele makusudi. Kuweka simfoni nzima ili ulale ni sawa na kupanda basi la Dar ukitegemea litakomea Uyole. Chagua sehemu ya katikati, icheze hiyo tu, na uzime ile ya kujiendeleza yenyewe maana hapo ndipo unapopigwa.

Kuna wanaovunja hii kanuni, na mkorofi mkubwa ni Haydn. Simfoni yake namba 94, ilipigwa London mwaka 1792, sehemu ya pili imeandikwa Andante, inaanza kwa upole kabisa, inarudiwa kwa upole zaidi, unavuta shuka, alafu okestra nzima pamoja na ngoma inapiga kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, BAM! Alifanya makusudi, na hiyo simfoni mpaka leo inaitwa Surprise, yaani mshtuko. Kwahiyo kama ndio iliyomwamsha mtoto, basi imefanya kazi yake hata zaidi ya miaka mia mbili baadae.

Na Beethoven je? Ile sonata yake ya piano inayoitwa Moonlight, ya mwaka 1801, kila pleilisti ya kulala wanaitia. Sehemu ya kwanza sawa, inafaa, giza tupu lakini imetulia. Ya tatu ni dhoruba. Hilo jina la mbalamwezi hata sio la kwake, alilileta mwandishi mmoja anaitwa Rellstab, Beethoven akiwa ameshafariki. Kwahiyo usiamini jina, amini alama ya mwendo. Pembeni ya jina la kipande utakuta Largo, Lento, Adagio au Andante, hizo ni zako, ingawa Andante inatembea kidogo. Ukiona Allegro, Vivace au Presto, iweke kwa siku ya kufua.

Manamba yasikutishe. Op. ni namba ya kazi ya mtunzi, mara nyingi kwa mpangilio wa kuchapishwa. K ni za Mozart, kuna bwana Köchel aliziorodhesha mwaka 1862. BWV ni orodha ya Bach. Zinafanya kazi ya namba za nyimbo kwenye kitabu cha kanisani, basi, wala hamna mtu anaimba namba.

Ila kuna sababu nyingine iliyokufanya ushtuke na hii watu hawaambiwi. Muziki tuliouzoea, bongo fleva, singeli, hata gospel, studio wanaubana, yaani sauti ndogo inanyanyuliwa na kubwa inashushwa mpaka zikaribiane, ndio maana unasikika vizuri kwenye bajaji. Klasiki haibanwi hivyo. Penye minong'ono pananong'ona kweli, penye okestra nzima panakuwa na watu themanini wanapiga kwa pamoja. We unasikia mwanzo hausikiki, unaongeza sauti, unaongeza tena, alafu sehemu kubwa inakukuta umeshafungua mpaka juu. Dawa yake kuna mbili. Moja, kabla hujalala peleka mbele mpaka sehemu yenye kelele zaidi, rekebisha sauti hapo, alafu rudi mwanzo na usiguse tena. Pili, ambayo mi naipenda zaidi kwa mtu anayeanza, achana na okestra kwa sasa, sikiliza piano peke yake au chombo kimoja na piano. Chombo kimoja hakina watu themanini wa kukuvamia.

Kwenye piano peke yake anza na Erik Satie, Mfaransa, alikuwa anapiga piano kwenye vilabu vya usiku vya Montmartre kule Paris, kwahiyo usije ukadhani ni mtu wa makumbusho. Mwaka 1888 alitunga vipande vitatu vinaitwa Gymnopédies, cha kwanza ndio maarufu na sishangai ikiwa ndio ile piano yako ya kwenye video ya mapishi, maana wanakitumia sana. Mkono wa kushoto unafanya kitu kimoja tu, noti ya chini, alafu kodi, noti ya chini, alafu kodi, na wa kulia unaimba juu yake noti chache, kama dakika tatu kimeisha. Vyote vitatu vinafanana kimwendo, unaweza kuviunganisha bila woga. Baada ya hapo Debussy, Clair de lune, hiyo katikati inapanda kidogo lakini haifokei mtu. Alafu Chopin, anza na Nocturne (kipande cha usiku) Op. 9 namba 2. Chopin ana nocturne 21 na watu wanaziweka zote mfululizo wakidhani zote ni za kubembeleza, ila ile ya Op. 48 namba 1 ikifika mbele inachafuka vibaya mno. Iruke, au isikilize mchana, maana kwa kweli ni kipande kikubwa.

Bach pia ana Goldberg Variations, ya kinanda, ilichapishwa 1741, na ina hadithi utaipenda we mtu wa naiti: inasemekana kulikuwa na balozi mmoja halali usiku, akaomba apigiwe kitu cha kumchangamsha kwenye masaa yale mabaya. Hadithi yenyewe iliandikwa mwaka 1802, Bach ameshakufa zamani, na wataalamu wengi hawaiamini. Lakini ile Aria ya mwanzo, dakika tatu nne, ni dawa. Baada yake kuna variesheni 30, yaani wimbo uleule ukigeuzwageuzwa, na nyingine zina mbio, kwahiyo chukua Aria peke yake.

Kama nikiambiwa nikuachie kimoja tu cha asubuhi ile unavua sare unaoga unataka kulala, nakuachia Spiegel im Spiegel ya Arvo Pärt, mtu wa Estonia, ya mwaka 1978. Piano inapiga noti tatu tatu zinazotawanyika, kama zile kodi unazozijua d m s, moja moja, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na fidla juu inashika noti ndefu, inapanda ngazi kidogo inarudi, inapanda kidogo zaidi inarudi. Hamna kitu kingine kinachotokea. Dakika nane mpaka kumi hivi kutegemea na wapigaji. Mtu mwenye haraka atasema hii ni boring na mchana wa kawaida anaweza kuwa na haki, ila kwa mtu aliyetoka kwenye wodi yenye kengele na simu na vilio usiku kucha, kutotokea kitu ndio raha yenyewe. Ipo pia ya selo (fidla kubwa inayopigwa umekaa) na piano, ni nzito zaidi chini, mi naichagua hiyo.

Ukitaka selo zaidi kuna The Swan ya Saint-Saëns, ni ya 1886, ipo ndani ya mkusanyiko wa vipande 14 vya wanyama ambavyo alivitunga kwa utani, akakataza visichapishwe akiwa hai isipokuwa huo mmoja, aliogopa watu wasimchukulie serious. Dakika tatu. Angalia tu usibonyeze mkusanyiko mzima, humo kuna simba, kuna kuku, kuna punda.

Okestra utaanza nayo lini? Baada ya wiki mbili tatu hivi ukishazoea, na mlango mzuri ni Mozart, Clarinet Concerto K. 622, sehemu ya pili, Adagio. Klarineti, chombo cha kupuliza, inaanza peke yake mbele na waya chinichini sana, inaimba melodi, alafu okestra inairudia ileile kwa sauti kubwa zaidi, kama kiongozi akiimbisha na kwaya ikaitikia, na hapo ndio mahali pa kupimia sauti ya simu yako. Sikiliza melodi inaporudi mara ya mwisho mwisho, klarineti inaipiga kwa sauti ndogo mno, mpigaji mzuri anafanya usijue pumzi anavuta wapi. Mozart aliimaliza mwaka 1791 kwa ajili ya rafiki yake mpiga klarineti Anton Stadler, na Desemba mwaka huohuo akafariki, ana miaka 35.

Alafu Dvořák, simfoni namba 9, New World, Largo. Hii naitaja kwasababu ya huku kwetu. Sie Moravian kule kwenu na KKKT huku Iringa na Njombe tumekua na matarumbeta ya kanisani, kile kishindo cha kodi za taratibu za shaba asubuhi ya Pasaka makaburini bado kuna baridi. Largo ya Dvořák inafunguka na kodi za shaba za namna hiyohiyo, nzito, chache, alafu zinanyamaza na kinaingia chombo cha mwanzi, ndugu yake obo mwenye sauti ya chini, kinaimba melodi utakayodhani ni tenzi. Na kweli mwaka 1922 mwanafunzi wake mmoja aliitilia maneno ikawa wimbo wa kiroho, watu wengi wanadhani wimbo ndio ulitangulia, sivyo. Ilipigwa mara ya kwanza New York 1893. Ina dakika kumi na kitu na nakutahadharisha, kuelekea mwisho kuna sehemu fupi matarumbeta yanaamka. Kwahiyo hiyo ni ya jioni siku ya off, sio ya kulalia.

Na kabla mtu hajasema hii orodha yote ni wazungu, mtafute Fela Sowande, Mnigeria, alikuwa mpiga kinanda cha kanisa, African Suite yake ya mwaka 1944 ni ya vyombo vya waya na kinubi, na ndani kuna sehemu inaitwa Lullaby, ya kubembeleza mtoto kabisa. Haipatikani kwa wingi kama Mozart lakini ipo.

Vya kuviepuka kwa sasa, na hapa naongea na nesi sio na msikilizaji yeyote: Adagio for Strings ya Samuel Barber na Adagietto ya Mahler. Pleilisti zote za kutuliza zinavyo kwasababu ni vya taratibu. Taratibu haimaanishi tulivu. Barber wanaipiga sana kwenye misiba mikubwa, inapanda inapanda mpaka inafika mahali fidla zinalia juu kabisa, na mtu aliyetoka zamu ambayo amepoteza mgonjwa itamkamua. Kuna siku unahitaji kulia, sawa, siku hiyo iweke. Ila usiiweke bila kujua.

Sasa simu. Spika ya simu haiwezi kutoa noti za chini, ni ndogo mno kimaumbile. Noti ya chini kabisa ya selo ina mitetemo kama 65 kwa sekunde na besi kubwa ya okestra inafika kama 41, kwenye simu huko hakusikiki kitu zaidi ya kivuli chake. Yaani ile bezi ya Air niliyokwambia uifuate, kwenye simu haipo karibu nusu. Hedfoni za elfu tano elfu kumi za Mwanjelwa zinatosha kabisa kuanzia, chagua zile za mpira zinazoziba sikio maana zitakusaidia na gari la matangazo pia. Kulala nazo usiku mzima sikushauri, na we una mtoto lazima umsikie, kwahiyo vaa moja sikio la juu, na uweke taima simu izime yenyewe baada ya dakika ishirini.

Kingine kinachoharibu usingizi sio Haydn wala nani, ni tangazo la kubeti linaloingia katikati ya Satie. Ndio maana nasema pakua uweke kwenye simu, ucheze bila data. Sauti peke yake ya ubora wa kawaida inakula karibu megabaiti 1 kwa dakika, Air nzima ni kama megabaiti 5, vipande vyote nilivyotaja hapa havifiki bando la siku moja. Watunzi wengi hawa haki zao zimeshaisha zamani lakini rekodi ina haki zake za mpigaji, kwahiyo kama unataka za bure na halali ingia Musopen, kuna rekodi zilizoachwa wazi kwa kila mtu. Na hapo Mbeya mvua ikianza kwenye bati, usihangaike, zima tu, hamna piano inashindana na bati.

Zile za masaa nane sizichukii. Nyingi sio klasiki, ni mtu na kinanda cha umeme kashikilia kodi na sauti ya mvua, zinafanya kazi yake ya kufunika kelele. Ila zile zilizoandikwa 432 Hz (mitetemo kwa sekunde) ama 528 eti zinaponya seli, na kuna wanaouziwa mpaka kozi, acha hela yako ikae. Okestra nyingi duniani zinatuni noti ya A kwenye 440 au juu kidogo, vikundi vinavyopiga muziki wa kale wanatuni 415, na watu wanalala vilevile kwenye zote.

Mtoto na akili: hiyo inatokana na utafiti wa 1993 Marekani, waliwasikilizisha wanafunzi 36 wa chuo sonata ya Mozart, wakapimwa maswali ya maumbo, wakafanya vizuri kidogo kwa muda usiozidi robo saa. Ni watu wazima, sio watoto, na ni robo saa. Biashara ndio ikaigeuza kuwa Mozart anatengeneza majiniasi. Mtoto wa miezi nane anachotaka ni sauti yako we mwenyewe, mwimbie hiyo alto yako, atalala.

Freemason. Mwambie mwenzako kwa Mozart kapatia, alijiunga Vienna mwaka 1784 na wala hakuficha, aliwatungia mpaka nyimbo zao. Mtu huyohuyo mwaka 1791 alitunga Ave verum corpus kwa ajili ya sikukuu ya Ekaristi, vipimo (bars) 46 tu, ya taratibu, na kwaya za Katoliki zinaiimba mpaka leo. Bach yeye alikuwa Mlutheri wa kanisani kila wiki, aliongoza muziki wa makanisa ya Leipzig kuanzia 1723 mpaka alipokufa 1750. Klarineti haina dini dada. Kama mwenzako bado ana wasiwasi mpigie Ave verum bila kumwambia ya nani, alafu msikilize atasemaje.

Siku ukiwa off na nyumba iko macho, rudia ile koncheto ya klarineti yote, nusu saa hivi, sehemu ya kwanza mpaka ya tatu. Utasikia ile Adagio inavyobadilika ukiijia kutoka kwenye mwendo wa haraka. Na ya tatu inaruka ruka, nadhani mtoto ataipenda kuliko hizi zote za kulala.